Kuunyima uvimbe damu: historia iliyoanzia kwenye tezi ya ukubwa wa njegere

Najua nimeadimika. Ni majaribio, ni zamu za wodini, na bumu nalo ndiyo hivyo tena, tusilizungumzie. Leo sina habari za kantini wala za uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Wiki hii tumefundishwa habari za uvimbe wa tezi ya pituitari, na kwenye slaidi ya mwisho mhadhiri akaweka mstari mmoja tu, kwamba wapo watu wanaojaribu kuutibu uvimbe huu kwa kuzuia mishipa yake ya damu isiote. Mstari mmoja, akafunga, akaondoka zake. Basi mimi nikaanza kuchimba, na niliyoyakuta yanastahili zaidi ya mstari.

Kwanza tuelewane kuhusu tezi yenyewe. Pituitari ina ukubwa wa njegere, uzito wake kama nusu gramu. Imening'inia chini ya ubongo kwa kikonyo chembamba, imekaa kwenye kishimo cha mfupa ambacho wazee wa anatomia walikiita tandiko la Kituruki. Udogo wake usikudanganye. Ndiyo inayoziamuru thairoidi, tezi za juu ya figo, ovari na korodani, ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji, na ndiyo inayotoa prolaktini, homoni ya maziwa. Seli zake zikiota uvimbe, mara nyingi sana uvimbe huo si saratani. Haukimbilii ini wala mapafu. Unakaa palepale, ila unamwaga homoni bila kuulizwa na mtu.

Ukimwaga homoni ya ukuaji kwa mtu mzima, viganja, miguu na taya vinakua mpaka pete haivuki kidole na viatu vya zamani havimwingii. Pierre Marie aliueleza ugonjwa huo Paris mwaka 1886 na kuuita akromegali. Ukimwaga homoni inayozichochea tezi za juu ya figo, unapata ugonjwa wa Cushing, ambao Harvey Cushing aliuandikia mwaka 1932. Na ukimwaga prolaktini, ambao ndio uvimbe wa kawaida kuliko hiyo mingine, mwanamke anakosa hedhi, hashiki mimba, na maziwa yanamtoka wakati hana mtoto. Hebu fikiria jambo hilo kwenye familia zetu. Mke ana miaka mitano ya ndoa bila kuzaa, mawifi wameshaanza maneno, halafu siku moja blauzi inaonekana imelowa maziwa. Nani atamwamini kwamba hajawahi kuzaa mahali akaficha? Kumbe kisa kipo kichwani, kwenye kinjegere. Uvimbe ukizidi kukua unaigandamiza mishipa ya fahamu ya macho inayopita juu yake, mtu anaanza kugonga milango kwa bega kwa sababu pembeni haoni.

Sasa historia. Vitabu vingi vinaianzia kwenye saratani na Marekani. Mimi naianzia mapema kidogo, kwenye swali la kizamani: damu ya pituitari inatoka wapi? Mwaka 1930, pale University College London, Mromania Grigore Popa na Mwaustralia Una Fielding walieleza mishipa midogo inayopita kwenye kile kikonyo kati ya ubongo na tezi. Mishipa yenyewe ni ya ajabu, inaanzia kwenye kapilari na kuishia kwenye kapilari nyingine, kama ule mshipa unaotoka utumboni kwenda ini. Kazi safi kabisa, ila wao walidhani damu inapanda kutoka kwenye tezi kwenda ubongoni. Mwaka 1935 Bernardo Houssay na wenzake huko Argentina walimchunguza chura aliye hai, wakaona damu inashuka. Jina hilo la Houssay msilisahau.

Aliyeonyesha maana ya jambo hili ni Mwingereza Geoffrey Harris, katika miaka ya 1940 na 1950. Alikata kikonyo cha panya. Kama akiweka kizuizi mishipa isiote tena, tezi ililala. Kama akiiacha mishipa iote upya, tezi iliamka na kurudi kazini. Yaani sehemu ya mbele ya pituitari haipigiwi simu na ubongo kwa waya wa neva. Inaandikiwa barua, na mbeba barua ni damu. Barua nyingi zinasema "toa". Ya prolaktini ni tofauti, kazi yake kubwa ni kusema "acha". Mwandishi wa barua hiyo ya "acha" ni dopamini, inayotengenezwa juu kidogo, kwenye haipothalamasi.

Tuhamie Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 jeshi la majini lilikuwa linatafuta kitu mbadala wa damu ambacho kingekaa melini miezi mingi bila kuharibika. Daktari kijana wa upasuaji, Judah Folkman, na mwenzake Frederick Becker walipewa kazi hiyo huko Bethesda. Walichukua thairoidi ya sungura, wakaiweka kwenye chombo cha kioo na kuipitishia maji yenye himoglobini ili waone kama itaishi. Iliishi. Wakapandikiza humo seli za saratani ya ngozi kutoka kwa panya. Vinundu vikaota, vikafika ukubwa wa kichwa cha pini, vikasimama. Havikufa! Walipovirudisha kwenye mwili wa panya, vilikua haraka mpaka vikawa mauvimbe makubwa. Tofauti ilikuwa nini? Kwenye chombo, mishipa mipya haikuota kuviendea. Kwa panya iliota.

Folkman alikaa na jambo hilo miaka kumi. Novemba 1971, akiwa tayari mkuu wa upasuaji katika hospitali ya watoto Boston, alichapisha hoja yake kwenye New England Journal of Medicine: uvimbe unatuma kemikali ya kuiita mishipa, bila mishipa hauwezi kuzidi milimita chache, kwa hiyo tuizuie kemikali hiyo na uvimbe utabaki kichwa cha pini. Wengi hawakumwamini. Walisema mishipa ile ni wekundu tu wa kidonda, mwili unajibu seli zinazokufa. Na kweli kabisa, kemikali yenyewe hakuwa nayo. Alikuwa na hoja mkononi bila ushahidi wa chupa.

Na chupa ilitoka wapi? Hapa ndipo niliposimama nikaita wenzangu chumbani waje wasikie. Mwaka 1974 Denis Gospodarowicz alichuja kutoka kwenye pituitari za ng'ombe kitu kinachozifanya seli zizaliane. Miaka kumi baadaye, 1984, Yuen Shing na Michael Klagsbrun kwenye maabara za Boston walipochuja kichocheo cha mishipa kutoka kwenye uvimbe, ikaja kuonekana ni wa ukoo uleule. Halafu akaja Napoleone Ferrara, Mwitaliano aliyesomea Catania, Sicily. Huyu alivutiwa na seli fulani za pituitari ya ng'ombe zenye umbo la nyota, ambazo hazitoi homoni yoyote ya zile zinazojulikana na hakuna aliyejua vizuri zinafanya nini pale. Akazikuza, akayachukua majimaji zilimokulia, akayamwagia seli za mishipa ya damu. Zikazaliana. Mwaka 1989, akiwa kampuni ya Genentech huko California, alitangaza kitu hicho, na jina lake likawa kwa kifupi VEGF, kichocheo cha ukuaji wa seli za mishipa ya damu. Kumbe kilikuwa kitu kilekile ambacho Donald Senger na Harold Dvorak wa Boston walikitambua mwaka 1983 kama kitu kinachoifanya mishipa ivuje.

Kwa hiyo mtu asije akawaambia kwamba hii ni hoja ya saratani iliyokuja kukopeshwa pituitari. Molekuli kuu ya mchezo mzima ilitoka pituitari. Na inaeleweka. Tezi inayoishi kwa kupokea barua za damu na kutuma majibu kwa damu lazima iwe na mishipa tele, tena yenye vitundu, la sivyo homoni zitatokaje?

Yaliyofuata nitayapitia haraka kwa sababu yameandikwa sana. Mwaka 1993 kundi la Ferrara lilionyesha kwamba kingamwili ya kuifunga VEGF inazuia uvimbe kwa panya. Maabara ya Folkman nayo ikatoa anjiostatini mwaka 1994 na endostatini mwaka 1997. Tarehe 3 Mei 1998 New York Times likaweka habari hizo ukurasa wa kwanza, watu wakadhani saratani imekwisha, na hisa za kampuni iliyokuwa na haki za dawa hizo zikapanda kutoka kama dola 12 hadi zaidi ya 50 ndani ya siku moja ya soko. Wagonjwa wakapiga simu hospitali wakitaka dawa ambayo ilikuwa imewaponya panya peke yao. Mimi naiona siku ile kama hasara. Matumaini yalipigwa bei kabla ya mzigo kufika sokoni. Dawa ilipokuja kweli, Februari 2004, ilikuwa kingamwili ya Ferrara, bevasizumabu, inayouzwa kama Avastin. Kwa wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa, ukiiongeza juu ya dawa nyingine, wastani wa kuishi ulitoka miezi 15.6 ukafika 20.3. Karibu miezi mitano. Kwa mwenye kuugua miezi hiyo si kidogo, lakini si ule muujiza wa gazeti. Folkman alifariki Januari 2008.

Turudi kwenye njegere yetu. Kwa hoja ya Folkman ungetegemea uvimbe wa pituitari uwe umejaa mishipa kuliko tezi nzima, sivyo? Watu wakahesabu. Toronto mwaka 1995, Oxford mwaka 2000, kila mara wakichukua vipande na kuipaka mishipa rangi. Jibu likaja kinyume. Uvimbe wa pituitari kwa kawaida una mishipa michache kuliko tezi yenye afya! Hapo nadhani mtu mvivu angeifunga faili, aseme hoja ya mishipa hapa haifanyi kazi, twende kantini. Ila kwenye hesabu za Oxford kulikuwa na kitu kidogo cha kutega masikio. Uvimbe mkubwa wa prolaktini ulikuwa na mishipa mingi kuliko uvimbe mdogo wa prolaktini. Kwa ule wa homoni ya ukuaji tofauti hiyo haikuwepo.

Kwa nini prolaktini? Kumbukeni barua ya "acha". Mwaka 1984 Kerri Elias na Richard Weiner wa San Francisco walikuwa wakiwapa panya estrojeni mpaka wanaota uvimbe wa prolaktini. Wakafuatilia damu inaingiaje humo. Badala ya kupitia kikonyo peke yake, damu ilikuwa inaingia moja kwa moja kutoka kwenye ateri mpya. Mwaka 1988 ushahidi wa ateri ukaonekana pia kwenye uvimbe wa prolaktini wa binadamu. Sasa tafakari maana yake. Damu ya kikonyoni imebeba dopamini kutoka juu. Damu ya ateri haina barua hiyo kwa kiwango kile. Seli ikipata damu ya mlango wa nyuma, inakula vizuri na wakati huohuo haisikii tena amri ya kuacha. Ni kama mwanafunzi wa bweni aliyetoboa ukuta wa uani: anatoka, anakula chipsi mtaani, na patroni getini hamwoni.

Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kwenye historia hii, na ndilo ambalo ule mstari wa slaidi haukulisema. Kwenye saratani mshipa mpya ni chakula. Kwenye pituitari mshipa ni chakula na pia ni kamba ya kufungia, inategemea unatoka wapi. Hesabu ya mingapi peke yake haikutoshi.

Na hapo hadithi ya vidonge inaingia. Katika miaka ya 1960 Edward Flückiger wa kampuni ya Sandoz, Uswisi, alikuwa anachezea kemikali za fangasi anayeota kwenye masuke ya nafaka ya rai, akitafuta ya kuzuia prolaktini. Ikapatikana bromokriptini, inayoiga dopamini, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaanza kutumika kwa wagonjwa. Hedhi zikarudi, maziwa yakakauka, watoto wakazaliwa, na picha za kichwa zikaonyesha uvimbe unasinyaa. Baadaye ikaja kabagolini. Utafiti wa mwaka 1994 uliozilinganisha kwa wanawake ulionyesha prolaktini kurudi kawaida kwa asilimia 83 ya waliotumia kabagolini na asilimia 59 ya waliotumia bromokriptini. Vidonge, wadau. Bila kisu.

Miaka yote hiyo ilisemwa kwamba vidonge hivi vinafanya kazi kwenye seli ya prolaktini tu. Mwaka 2001 Sujit Basu na wenzake wakachapisha jambo ambalo halikuwa na habari na pituitari: dopamini inazuia VEGF isioteshe mishipa, kwa kuigusa seli ya mshipa yenyewe. Mwaka 2007 madaktari wa Valencia, Hispania, waliwapa kabagolini wanawake ambao ovari zao zilikuwa zimechochewa kupita kiasi wakati wa kutafuta mtoto kwa njia ya maabara. Tatizo la wanawake hao ni VEGF kuifanya mishipa ivuje na maji kujaa tumboni. Kabagolini ikapunguza maji hayo. Kumbe kidonge cha zamani cha pituitari kina mkono kwenye mishipa! Je, ndiyo maana kinasinyaza uvimbe? Sehemu kubwa bado ni seli yenyewe kusinyaa, lakini siwezi tena kuyatenganisha mambo haya mawili kama tulivyozoea kuyatenganisha kwenye notsi.

Wapo lakini wagonjwa ambao vidonge vinawagomea. Hawa ndio wenye haki ya kuuliza kuhusu mishipa. Mwaka 2008 kundi la Genentech, Ferrara akiwemo, liliwapa kingamwili ya kuifunga VEGF panya wenye hitilafu ya jini inayowaotesha uvimbe wa pituitari. Uvimbe ulipungua kasi na prolaktini kwenye damu ikashuka. Halafu Buenos Aires. Huko walikuwa na panya walionyimwa kipokezi cha dopamini, panya ambao majike yao wanaota uvimbe wa prolaktini uliojaa damu, na ambao kidonge hakina pa kushika kabisa. Ni mfano halisi wa mgonjwa aliyegomewa. Mwaka 2011 Guillermina Luque, Damasia Becú-Villalobos na wenzao walionyesha kwamba kingamwili ya VEGF inapunguza mishipa na ukubwa wa pituitari hata kwa panya hao. Taasisi waliyofanyia kazi hiyo ilianzishwa mwaka 1944 na nani? Houssay yuleyule wa chura, baada ya serikali ya kijeshi kumfukuza chuo kikuu mwaka 1943. Alipata Nobeli mwaka 1947 kwa kazi yake ya pituitari na sukari. Nilipoliunganisha hilo nilicheka peke yangu maktaba, mtu wa meza ya pili akanitazama.

Kwa binadamu mambo ni madogo bado. Mwaka 2012 madaktari wa Colombia na wenzao walieleza habari za mgonjwa mmoja mwenye saratani halisi ya pituitari, ile adimu inayosambaa, aliyepewa bevasizumabu baada ya tiba nyingine kushindwa, na ugonjwa ukatulia zaidi ya miaka miwili. Uvimbe wake haukuwa wa kumwaga homoni, lazima niseme, kwa hiyo hauthibitishi yale ya panya wa prolaktini. Baadaye zikaandikwa taarifa nyingine za mmoja mmoja, baadhi wakitulia, baadhi hapana. Mwongozo wa chama cha Ulaya cha wataalamu wa homoni wa mwaka 2018 kuhusu uvimbe mkali wa pituitari uliiweka mbele temozolomidi, dawa inayoharibu jini za seli. Kuzuia mishipa kulibaki kwenye orodha ya mambo ya kujaribu hiyo ikishindwa.

Na kuna sababu ya kwenda polepole. Bevasizumabu inapandisha presha, inachelewesha vidonda kupona, na inaweza kuleta damu kuvuja. Uvimbe wa pituitari wenyewe una tabia ya kuvujia damu ndani ghafla, kichwa kikapasuka kwa maumivu na macho yakafunga siku hiyohiyo. Na mgonjwa wa namna hii mara nyingi ameshafanyiwa upasuaji, kidonda kipo juu kabisa ya pua, mlangoni mwa ubongo. Unampa lini dawa inayozuia kidonda kufunga? Huyo wa prolaktini ya kawaida, anayeitikia kidonge mara mbili kwa wiki, hana sababu hata moja ya kuingizwa kwenye hatari hiyo.

Habari za huo upasuaji wa kupitia puani, ambao Hermann Schloffer aliufanya kwa mara ya kwanza Innsbruck mwaka 1907, nimeziacha makusudi. Hizo ni za siku nyingine, nikitoka zamu.